Kura mara 103 kumpata mgombea mmoja: nini hasa kiliwakwamisha Democratic mwaka 1924?

#1 Mzee wa Kumbukumbu
Wakuu, habari zenu.

Mwaka 1924 chama cha Democratic cha Marekani kilifanya mkutano mkuu New York, ukumbi wa Madison Square Garden, kuanzia Juni 24. Kazi ilikuwa kumteua mtu wa kupambana na Rais Calvin Coolidge wa chama cha Republican. Wakatoka humo Julai 9, baada ya kupiga kura mara 103. Hakuna mkutano wa chama kikubwa kule uliowahi kufika huko, kabla wala baada.

Wababe walikuwa wawili. William Gibbs McAdoo, mkwe wa Woodrow Wilson na Waziri wake wa Fedha, aliungwa mkono na Kusini na Magharibi. Upande wa pili Alfred Smith, gavana wa New York, Mkatoliki, mtoto wa mitaa ya maskini ya Manhattan. Duru ya kwanza McAdoo alipata 431 na nusu, Smith 241. Waling'ang'aniana mpaka wote wawili wakaachwa, akachukuliwa John W. Davis, mwanasheria wa matajiri wa Wall Street aliyeanza na kura 31. Novemba akaambulia asilimia 29 ya kura za nchi nzima.

Msimamo wangu: kilichowakwamisha ni kanuni yao ya theluthi mbili. Haikutosha mgombea kuwashinda wenzake, ilibidi apate theluthi mbili ya kura za wajumbe. Kanuni ya namna hiyo haiwezi kuzaa kitu kingine ila mkwamo. Mwenye maoni tofauti aje.

#2 Kaka Mtulivu
Naweka kambi hapa. Uzi wa maana huu.

#3 Binti Pangani
Mzee, shikamoo. Kanuni ilikuwepo tangu 1832 na mara nyingi walimaliza salama. Kilichokuwa kipya 1924 ni Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi.

Kabla hata ya duru ya kwanza, wajumbe waligombana juu ya ilani. Watu wa Smith na wa mgombea mwingine, Oscar Underwood, walitaka chama kilaani Klan kwa jina. Watu wa McAdoo wakataka maneno ya jumla tu, uhuru wa dini na kadhalika, Klan isitajwe. Kura ikapigwa, pendekezo la kuitaja likashindwa kwa tofauti ya takribani kura moja kati ya zaidi ya elfu. Baada ya hapo mjumbe wa Boston na mjumbe wa Georgia wangekubaliana vipi juu ya mtu mmoja? Kura 103 zilizofuata zilikuwa mwendelezo wa ugomvi ule ule.

McAdoo mwenyewe hakuwa mwanachama wa Klan. Ila aliwahitaji wapiga kura wake, akakaa kimya. Kimya hicho kilimgharimu, na kwangu mimi kilistahili kumgharimu.

#4 Kiboko wa Takwimu
Mzee wa Kumbukumbu, hoja ya theluthi mbili inavuja. Kura za wajumbe zilikuwa 1,098, theluthi mbili ni 732. Kilele cha McAdoo kilikuwa 530, duru ya 69. Nusu ya 1,098 ni 549. Kwa hiyo hata kama kanuni ingekuwa ya wengi wape, McAdoo hakufika. Sasa kanuni imemnyima nini?

#5 Mwalimu wa Zamu
Kiboko, hesabu yako ni sahihi lakini umeiangalia upande mmoja. Mtazame Smith. Kuzuia theluthi mbili kulihitaji kura 367. Kilele cha Smith, duru ya 76, ni 368. Unaona? Smith hakuhitaji kushinda, alihitaji kukalia theluthi moja asitoke. Kanuni ilimpa kila mmoja nguvu ya kumzuia mwenzake, na mjumbe aliyekuwa katikati hakuwa na sababu ya kuhamia kwa McAdoo kwa sababu alijua hatapita. Laiti nusu ingetosha, wajumbe wangapi wangekimbilia kwa McAdoo akiwa na 530? Watu hupenda kuwa upande wa mshindi.

Mfano upo. Mwaka 1912 Baltimore, Champ Clark alivuka nusu ya kura kabisa, akanyimwa na kanuni hiyo hiyo, Woodrow Wilson akachukua duru ya 46. Mwaka 1920 San Francisco ilikuwa duru 44 kumpata James Cox. Mzee hajakosea sana.

#6 Fundi Redio
Jamani mmesahau redio! Huo ndio mwaka mikutano ya vyama vikubwa ilianza kurushwa hewani. Majimbo yaliitwa kwa alfabeti, Alabama ya kwanza. Kila duru gavana wake, William Brandon, alisimama na kutangaza kwa sauti ile ile: kura ishirini na nne kwa Underwood. Mara mia na zaidi. Watu majumbani wakaikariri, watoto mitaani wakawa wanaiigiza.

Hoja yangu ni kwamba redio iliwaua. Zamani ugomvi wa chama ulibaki ukumbini, na magazeti yalifika siku ya pili yakiwa yamepunguza makali. Safari hii wananchi walisikia kelele, mizomeo na matusi wenyewe. William Jennings Bryan, mtu aliyegombea urais mara tatu kwa tiketi ya chama hicho, alizomewa na watu wa New York waliojaa kwenye roshani za ukumbi. Ukisikia hayo sebuleni kwako, Novemba utampa nani kura?

#7 Mkaazi wa Ohio
Fundi, hiyo inaeleza kwa nini walishindwa Novemba, haielezi kwa nini walikwama Julai. Mada ni mkwamo.

Naishi Ohio miaka mingi sasa, niongeze kitu. Watu wa kwetu wakisikia Klan wanafikiria Kusini tu. Miaka ya 1920 Klan ilikuwa na nguvu kubwa Indiana, Ohio, Colorado na Oregon. Gavana aliyechaguliwa Indiana mwaka huo huo 1924, Edward Jackson, aliungwa mkono nao, na alikuwa Republican. Republican walifanya mkutano wao Cleveland, nao hawakuilaani Klan kwa jina, ila hakuna aliyepiga kelele. Kwa hiyo Binti Pangani, kama Klan ndiyo sababu, mbona upande wa pili haikuwagawanya?

#8 Binti Pangani
Kwa sababu upande wa pili hawakuwa na Wakatoliki, Wayahudi na wahamiaji wa mijini kwa wingi huo ndani ya ukumbi. Democratic kilikuwa chama cha wazungu wa Kusini, Waprotestanti waliotaka marufuku ya pombe ibaki, na wakati huo huo chama cha Waairishi na Waitaliano wa New York, Boston na Chicago waliotaka ife. Klan ilikuwa inawachukia wale wa pili waziwazi. Unawaweka nyumba moja halafu unawaambia wachague baba!

Na tuwe waadilifu kwa Underwood. Huyo alikuwa seneta wa Alabama na aliisema Klan kwa jina hadharani. Mtu wa Kusini kabisa. Ndiyo maana majimbo mengine ya Kusini yalimtupa. Zile kura 24 anazosema Fundi zilikuwa za mtu aliyelipa gharama ya msimamo wake.

#9 Msemakweli wa Kigogo
Mnazunguka mbuyu. Fuateni pesa. Mwaka 1924 nchi nzima ilikuwa inazungumzia kashfa ya Teapot Dome. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Republican, Albert Fall, aligawa visima vya mafuta vya jeshi la majini kwa matajiri, naye akapokea chake. Democratic walikuwa na ushindi mkononi. Halafu mapema mwaka huo tajiri aliyechukua visima, Edward Doheny, akasema mbele ya kamati ya Seneti kwamba McAdoo alikuwa mwanasheria wake wa kulipwa. Hapo ndipo McAdoo alikufa. Wajumbe walijua wakimteua wamepoteza silaha yao.

#10 Mwalimu wa Zamu
Marekebisho kidogo kwa Msemakweli. Teapot Dome iko Wyoming na aliyeikodishwa ni Harry Sinclair. Doheny alichukua Elk Hills, California. Kazi ya McAdoo kwa Doheny ilihusu mambo ya Mexico, si visima hivyo. Hakushtakiwa kwa lolote. Ila siasa haina subira ya kusikiliza maelezo marefu, na hapo hoja yako inabaki na uzito wake. Aliyeongoza uchunguzi ule, Seneta Thomas Walsh wa Montana, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano pale New York. McAdoo alikuwa anaomba uteuzi chini ya macho ya aliyefukua kashfa.

#11 Kijana Mdadisi
Wakuu, swali la mwanafunzi. Kwani hawakuwa na kura za mchujo kama sasa? Wananchi wachague, mkutano uthibitishe tu.

#12 Mkaazi wa Ohio
Zilikuwepo, kijana, lakini majimbo machache na mara nyingi hazikumfunga mjumbe. Wenye nguvu walikuwa wakubwa wa chama wa majimbo na miji. Chukua Republican 1920, Chicago. Jenerali Leonard Wood, Gavana Frank Lowden na Seneta Hiram Johnson ndio waliokuwa wakitajwa, wakazuiana. Usiku maseneta na wakubwa wengine wakapiga mashauri hoteli ya Blackstone, na duru ya 10 akaibuka Warren Harding, ambaye watu wachache walimpa nafasi. Wengine wanasema mle chumbani ndimo alimoteuliwa, wengine wanasema wajumbe walikwishachoka na wangemfikia tu.

Nilipeleka watoto Marion kwenye kaburi lake. Duara la nguzo nyeupe za marumaru, juu wazi, yeye na mkewe Florence wamelala katikati. Alishinda kwa asilimia 60, wakati mpinzani mmoja, Eugene Debs wa Wasoshalisti, alikuwa mfungwa gereza la Atlanta kwa hotuba ya kupinga vita na bado akapata kura zaidi ya laki tisa. Harding ndiye aliyemtoa gerezani Desemba 1921. Ile picha ya rais mzembe mwenye marafiki wezi ni ya kweli, lakini jambo hilo lihesabiwe kwake pia.

#13 Bahari Kuu
Na ushindi huo wa 1920 ulifunga mlango wa Marekani kuingia Ushirika wa Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa. Cox na mgombea mwenza wake, kijana aitwaye Franklin Roosevelt, waliupigania, wakaangushwa. Ushirika huo huo ndio uliosimamia udhamini wa Tanganyika chini ya Waingereza na Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Yaani Marekani haikuwa na kiti kwenye chombo kilichotusimamia kwa sababu ya uchaguzi ule. Nimetoka nje ya mada, endeleeni.

#14 Nyuki Mkali
Mjadala mzuri ila mnagombania kitu kisicho na faida. Hata wangemteua duru ya kwanza wangepigwa. Uchumi ulikuwa unapanda, Harding alikwishafariki Agosti 1923 na aibu zake, Coolidge alionekana mtu safi. Alipata asilimia 54, kura 382 za majimbo (hizo ndizo zinazoamua rais) dhidi ya 136. Davis akabaki na majimbo 12 tu, ya Kusini na Oklahoma. Robert La Follette akagombea kivyake, akavuna karibu asilimia 17 kutoka kwa wakulima na wafanyakazi waliokataa vyama vyote viwili, akashinda Wisconsin kwao.

Na siku zile za mkutano, Julai 7, mtoto wa Coolidge wa miaka 16 akafariki. Alicheza tenisi bila soksi, akapata lengelenge mguuni, likaingiza sumu kwenye damu. Dawa za kuua vijidudu hazikuwepo. Taarifa ilipofika Madison Square Garden mkutano uliahirishwa kwa heshima. Mahasimu wote wale wakasimama kimya. Baada ya hapo nani angemshambulia Coolidge kwa nguvu?

#15 Fundi Redio
Pole yake. Sikujua hilo la mtoto.

#16 Dada Wakili
Nimesoma kurasa zote na kuna watu hamjawataja hata mara moja: Wamarekani Weusi. Mnasema Kusini, Kusini, kana kwamba Kusini yote ilipiga kura. Davis alipata zaidi ya asilimia 95 South Carolina. Asilimia hiyo inatoka wapi kwenye jimbo ambalo karibu nusu ya watu walikuwa Weusi? Inatoka kwenye kodi ya kupigia kura, mitihani ya kusoma, na vitisho. Texas mwaka 1923 ilitunga sheria kabisa kwamba Mweusi haruhusiwi kwenye mchujo wa Democratic. Daktari mmoja wa El Paso, Lawrence Nixon, akaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria hiyo 1927. Texas ikabuni ujanja mwingine.

Kwa hiyo mkwamo wa 1924 ulikuwa ugomvi wa wazungu na wazungu juu ya Wakatoliki, Wayahudi na pombe. Jambo kubwa kuliko yote halikuwa mezani.

Na huyo Davis. Baada ya kuteuliwa, Agosti 1924 huko Sea Girt, New Jersey, aliilaani Klan kwa jina. Mpeni haki yake. Lakini mwaka 1952 mzee huyo huyo alisimama Mahakama Kuu kuitetea South Carolina iendelee kutenga watoto Weusi shuleni. Alishindwa 1954.

#17 Kaka Mtulivu
Dada Wakili, umetisha. Hiyo ya Davis na 1952 sikuwahi kuiona.

#18 Mkaazi wa Ohio
Dada, ndiyo maana Weusi waliohamia Kaskazini walibaki Republican kwa muda mrefu, chama cha Lincoln. Chicago walimpeleka Oscar De Priest Kongresi kwenye uchaguzi wa 1928, Mweusi wa kwanza karne hiyo, Republican. Mwaka 1934 akaangushwa na Arthur Mitchell, Mweusi pia, Democratic. Ndani ya miaka sita tu upepo uligeuka.

#19 Binti Pangani
Turudi kwa Smith. Mwaka 1928 Houston, Democratic walimteua duru ya kwanza. Kanuni ya theluthi mbili ilikuwepo vile vile, Mzee wa Kumbukumbu. Akapambana na Herbert Hoover, akaangushwa kwa kura za majimbo 444 kwa 87. Texas, Florida, Virginia, North Carolina na Tennessee zikampa kura Republican kuliko kumchagua Mkatoliki. Watu walisambaza uongo kwamba Papa atahamia Washington. Hiyo ni ile ile ya 1924 ikifika kwa wananchi.

#20 Nyuki Mkali
Dini ilichangia. Ila mwaka 1928 hata malaika angeshindwa kwa tiketi ya Democratic. Watu walikuwa na kazi, wananunua magari na redio. Hoover aliheshimika dunia nzima kwa kuwalisha Wabelgiji wakati wa vita. Mkatoliki, Mprotestanti, wote wangepigwa.

#21 Kiboko wa Takwimu
Nyuki na Binti, wote mnamchukulia Smith kama aliyefeli. Davis 1924 alipata kura milioni 8.4. Smith 1928 alipata milioni 15. Alichukua Massachusetts na Rhode Island, ngome za Republican. Ukijumlisha miji 12 mikubwa kuliko yote, yeye aliongoza. Wahamiaji na watoto wao, na wanawake wa Kikatoliki ambao hawakuwahi kwenda kituoni, walijitokeza kwa ajili yake. Roosevelt 1932 alirithi shamba lililokwishalimwa.

#22 Nyuki Mkali
Kiboko na namba zako! Kumbuka jarida la Literary Digest 1936. Walikusanya majibu zaidi ya milioni mbili kwa posta, wakatangaza Alf Landon wa Republican atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda kwa kura za majimbo 523 kwa 8, Landon akabaki na Maine na Vermont. Majina yao mengi yalitoka kwenye orodha za simu na magari, yaani wenye nazo.

#23 Kiboko wa Takwimu
Hizo zilikuwa karatasi za maoni, mimi nimeleta kura zilizohesabiwa. Tofauti ipo kubwa tu.

#24 Msemakweli wa Kigogo
Mnajua nani alimpa Roosevelt uteuzi 1932 Chicago? McAdoo! Roosevelt alikuwa na zaidi ya nusu ya kura duru ya kwanza lakini theluthi mbili haikufika. Smith alikuwa anamzuia, wameshagombana. Duru ya 4 McAdoo akapanda jukwaani kama mkuu wa wajumbe wa California, akazihamisha kura zao kutoka kwa John Garner kwenda kwa Roosevelt. Garner akapewa umakamu. Miaka minane McAdoo alisubiri kumlipa Smith, na alimlipa hadharani, watu wakizomea.

#25 Kijana Mdadisi
Kumbe! Na ni Roosevelt huyo huyo aliyempendekeza Smith 1924?

#26 Mwalimu wa Zamu
Ndiye. Alisimama na magongo, miaka mitatu baada ya polio, na hotuba ile ikamrudisha kwenye siasa. Baadaye Smith akamgeuka kabisa. Mwaka 1934 yeye na John Davis waliingia American Liberty League, kundi la matajiri waliopinga mageuzi ya Roosevelt, na 1936 Smith akamuunga mkono Landon. Msisahau pia Huey Long wa Louisiana, aliyetaka mali za matajiri zipunguzwe na kugawiwa familia zote, na ambaye alikuwa anajiandaa kumpinga Roosevelt. Alipigwa risasi Baton Rouge Septemba 1935, akafa siku mbili baadaye.

#27 Mzee wa Kumbukumbu
Ahsanteni kwa michango. Marahaba, Binti Pangani. Bado sijaondoka kwenye msimamo wangu. Unasema 1928 kanuni ilikuwepo na Smith akapita. Alipita kwa sababu McAdoo hakugombea, hakukuwa na mtu wa kumzuia. Na 1932 Msemakweli amenisaidia bila kujua: mtu mwenye zaidi ya nusu alikuwa karibu aporomoke, akaokolewa na mapatano ya pembeni na California. Roosevelt mwenyewe aliona hatari hiyo, na mwaka 1936 Philadelphia kanuni ikafutwa. Kamati iliyoifuta iliongozwa na Seneta Bennett Clark wa Missouri. Ni mtoto wa yule Champ Clark aliyenyimwa 1912.

#28 Dada Wakili
Mzee, hilo la Clark ni zuri, lakini tuulize kanuni ilikuwa ya nani. Kwa miaka 100 ilikuwa kinga ya Kusini: hakuna mgombea wa Democratic angepita bila ridhaa yao. Ndiyo maana wajumbe wa Kusini ndio waliolalamika zaidi ilipofutwa. Mkutano huo huo wa 1936 mchungaji Mweusi, Marshall Shepard, alipanda jukwaani kuomba dua, na Seneta Ellison Smith wa South Carolina akatoka ukumbini kwa hasira. Kwa hiyo siwezi kuitenganisha kanuni na ubaguzi kama mnavyofanya wewe na Binti Pangani. Kanuni iliwekwa na kulindwa na watu, na watu hao walijua wanalinda nini.